Kibao cha mbao langoni: kukitengeneza kwa mbao zilizokwisha kutumika

Katika vijiji vingi vya Kaunti ya Machakos, mgeni huelekezwa kwa alama: akate kona penye mwembe mkubwa, apite duka la pili, kisha aulizie boma la mwalimu. Maelekezo hayo humtosha mtu wa karibu wakati wa mchana. Hayamtoshi dereva wa gari la wagonjwa anayefika saa nane za usiku, wala mhudumu wa bodaboda aliyebeba dawa, wala jamaa aliyetoka mbali na hana wa kumwuliza njiani. Kibao cha mbao chenye jina la boma kwa herufi kubwa hupunguza shida hiyo, na pia huupamba mlango.

Kibao cha aina hii hakihitaji mashine wala mbao mpya. Kinaweza kutengenezwa nyumbani kwa vipande ambavyo vingetupwa au kutiwa jikoni kama kuni. Hata hivyo, si kila kipande kinafaa. Mbao mbichi hupinda, mbao nyingine zimetiwa dawa zenye sumu, na rangi ya zamani inayobanduka inaweza kuwadhuru watoto. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua mbao na rangi salama, hatua za kazi yenyewe, maneno ya kuandika, mahali pa kukiweka kibao, na hesabu ya anayetaka kuviuza.

FUNZO KUTOKA WAMUNYU

Machakos ina historia ndefu ya kazi za mbao. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, alikuwa Tanganyika, na huko alijifunza uchongaji kwa wachongaji aliowakuta. Aliporudi nyumbani aliendelea na kazi hiyo, na wengine wakajifunza kwake. Katika miongo iliyofuata, vinyago vya Wakamba vilifika Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Wamunyu, iliyo katika Kaunti Ndogo ya Mwala, ikajulikana kuwa chimbuko la kazi hiyo. Wachongaji waliunda vyama vya ushirika, hapo Wamunyu na pia Changamwe, Mombasa, ili wauze pamoja.

Lakini wachongaji walitegemea miti michache, hasa mpingo na muhugu. Miti hiyo ni migumu, hung'aa vizuri ikipigwa msasa, na hukua polepole sana. Wachongaji walipoongezeka, miti ilipungua na magogo yakaanza kutafutwa mbali zaidi, kwa gharama kubwa zaidi. Katika miaka ya 1990, mashirika ya uhifadhi pamoja na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yaliwahimiza wachongaji kutumia miti inayokua haraka na kupandwa mashambani, kama vile mwarobaini, mwembe na jakaranda.

Funzo hilo linamhusu pia anayetengeneza kibao kimoja cha mlangoni. Kibao hakihitaji mti wa thamani. Rangi itaufunika uso wa ubao, na sura yake ya kikale hutokana na alama za matumizi: matundu ya misumari, nyufa ndogo na kingo zilizolika. Hakuna sababu ya kukata mti kwa ajili ya kazi hii. Anayetaka kukata mti wa shambani kwa kazi nyingine, au kusafirisha mbao zake, aulize kwanza katika ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) iliyo karibu kuhusu vibali vinavyohitajika.

MBAO ZINAZOFAA

Kuna sehemu nne ambako mkazi anaweza kupata mbao bila gharama kubwa.

Ya kwanza ni karakana za mafundi seremala. Baada ya kutengeneza vitanda na milango, mafundi hubaki na vipande vifupi vya sipresi, grevilia au mwembe. Vipande hivyo huwa vimekauka na kupigwa randa, kwa hiyo kazi inakuwa nyepesi.

Ya pili ni mashine za kupasulia magogo. Mbao za pembeni, zile zenye ganda upande mmoja ambazo wengi huziita ofukati, huuzwa kwa bei nafuu na aghalabu hutumiwa kujengea nyua. Ukingo wake usionyooka hupendeza kwenye kibao. Ganda lazima libanduliwe lote, kwa sababu wadudu hujificha chini yake na maji hukwama hapo. Anayepiga msasa mbao za grevilia afunike mikono na pua, maana vumbi lake huwawasha baadhi ya watu.

Ya tatu ni paleti, yaani vile vitanda vya mbao vinavyopangiwa mizigo ya viwandani. Sehemu za Athi River na Mlolongo, zenye viwanda na maghala mengi, paleti zilizochakaa si adimu. Kabla ya kununua, atafutwe muhuri uliochomwa ubavuni wenye picha ya suke la ngano. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilitibiwa kwa joto: kiini cha ubao kilifikishwa nyuzi 56 za Selsiasi kwa muda usiopungua dakika 30. Paleti hizo zinafaa. Herufi MB zina maana kwamba mbao zilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni gesi ya sumu. Hizo ziachwe. Paleti isiyo na muhuri ichunguzwe: ikiwa ina madoa ya mafuta au harufu ya kemikali, isiletwe nyumbani.

Ya nne ni milango, madirisha na samani kuukuu za nyumbani. Mbao hizo huwa zimekauka kwa miaka mingi na hazipindi tena. Tahadhari kubwa hapa ni rangi yake ya zamani, kama inavyoelezwa katika sehemu inayofuata.

Kuna mbao za kuepuka kabisa. Mabaki ya nguzo za stima na nguzo nyingine zenye rangi ya kijani kibichi huwa yamelowekwa katika dawa ya kuzuia mchwa ambayo mara nyingi huwa na arseniki. Nguzo nyeusi zenye harufu ya lami nazo zimetiwa dawa. Mbao hizo hazifai kupasuliwa, kupigwa msasa wala kuchomwa, kwa sababu vumbi na moshi wake vina sumu.

RANGI NA AFYA YA WATOTO

Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, hasa zile zenye kung'aa kama njano na nyekundu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto anayekua: hupunguza uwezo wake wa kujifunza na kutulia darasani, na madhara hayo hayaponi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huipata kwa njia rahisi sana: anagusa vumbi la rangi sakafuni, kisha anaweka vidole mdomoni.

Kwa sababu hiyo, ubao wenye rangi ya zamani usipigwe msasa ukiwa mkavu. Njia iliyo salama zaidi ni kuuacha na kutafuta mwingine. Ikibidi kuutumia, ulowanishwe kwanza, upigwe msasa wa maji ukiwa umelowa, na kazi ifanyiwe nje juu ya karatasi ya plastiki, watoto na kuku wakiwa mbali. Mabaki yote yafungwe ndani ya plastiki hiyo na kutupwa, yasifagiliwe uani. Fundi avae barakoa, anawe mikono kabla ya kula, na nguo zake zifuliwe kando na za watoto. Vipande vyenye rangi visitiwe jikoni, kwani moshi wake nao hubeba sumu hiyo.

Kwa rangi mpya, mnunuzi asome mkebe. Kiwango cha juu cha risasi kinachoruhusiwa kwenye rangi nchini Kenya ni sehemu 90 katika kila milioni. Mkebe uwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) pamoja na nambari ya kibali chini yake. Nambari hiyo inaweza kuhakikishwa kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya #, kisha nambari yenyewe, kwenda 20023. Rangi iliyopimwa kutoka pipa kubwa na kuuzwa kwenye chupa isiyo na maandishi ni rahisi, lakini mnunuzi hana njia ya kujua kilichomo.

VIFAA

Kibao kimoja huhitaji msumeno, nyundo, tepu ya kupimia, penseli na rula. Msasa uwe wa aina mbili, mkwaruzo wa 80 kwa kuanzia na wa 150 kwa kumalizia. Rangi ya maji ya nje iwe ya aina mbili, nyeusi au kahawia nzito na nyingine nyeupe au ya maziwa. Brashi ziwe mbili, moja pana na moja nyembamba yenye ncha. Vingine ni mshumaa, vanishi ya nje, na skrubu zisizoshika kutu. Asiye na bisibisi au drili anaweza kuomba fundi wa karibu amtobolee matundu.

HATUA KWA HATUA

Mfano unaofuatwa hapa ni ubao wa urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 2, wenye neno KARIBU.

Hatua ya 1: Kukausha. Ubao mbichi ukipakwa rangi hufungia maji ndani. Baadaye hupinda na rangi hubanduka. Mbao zipangwe kivulini, zisiguse ardhi, zikitenganishwa kwa vijiti ili upewe hewa kila upande. Jua kali hupasua ncha, kwa hiyo zisianikwe juani. Njia rahisi ya kujua kama ubao umekauka ni kuupima kwa mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, uko tayari. Miezi ya Januari na Februari, na Juni hadi Septemba, hufaa zaidi kuliko misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Hatua ya 2: Kusafisha na kulainisha. Misumari yote ing'olewe na uchafu usuguliwe kwa brashi ngumu. Msasa wa 80 upitishwe kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, kisha wa 150. Lengo si kuondoa kila alama. Vibanzi viondolewe ili visimchome mtu, lakini matundu na nyufa ndogo ziachwe, kwani ndizo sura ya kibao. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, na ubao uachwe ukauke.

Hatua ya 3: Kuunganisha. Kama hakuna ubao mpana, vipande vitatu vyembamba vinaweza kupangwa pamoja na kushikwa kwa mbao mbili za kukingamisha upande wa nyuma. Iachwe nafasi ya milimita 2 kati ya kipande na kipande, kwa sababu mbao hutanuka wakati wa mvua. Skrubu iwe fupi kuliko unene wa mbao zote mbili. Ubao wa sentimita 2 juu ya ubao wa sentimita 2 huhitaji skrubu ya sentimita 3, ili ncha isitokeze mbele.

Hatua ya 4: Rangi ya chini na ya juu. Ubao wote, mbele, nyuma na kwenye ncha, hupakwa rangi nzito ya kahawia na kuachwa ukauke. Kisha mshumaa husuguliwa kwenye kingo na pembe, mahali ambapo ubao wa kale ungelika kwa kuguswa. Baada ya hapo uso wa mbele hupakwa rangi ya maziwa, tabaka mbili nyembamba. Tabaka moja nene huchuruzika na kuchelewa kukauka. Nta haiwekwi katikati ya ubao, kwa sababu herufi hazitashika juu yake.

Hatua ya 5: Kupima herufi. Vibao vingi huharibikia hapa: mwandishi huanza kwa herufi kubwa, kisha hubana za mwisho. Hesabu fupi huzuia hilo. Kwenye ubao wa sentimita 60, sentimita 5 huachwa kila upande, zinabaki 50. KARIBU ina herufi sita, kwa hiyo kuna nafasi tano kati yake. Kila nafasi ikiwa sentimita 1.5, jumla ni 7.5. Zinabaki sentimita 42.5, zikigawanywa kwa sita ni karibu sentimita 7 kwa kila herufi. Herufi I ni nyembamba na haihitaji zaidi ya 3. Sentimita 4 zinazobaki hugawiwa herufi nyingine. Mistari miwili ya penseli, wa juu na wa chini, huchorwa kwa rula kabla ya herufi yoyote.

Asiyejiamini kuchora kwa mkono aandike neno kwenye karatasi kwanza, au achapishe kwenye duka la kompyuta. Mgongo wa karatasi hupakwa unga wa makaa, karatasi hubandikwa juu ya ubao, na herufi hufuatishwa kwa kalamu. Karatasi ikiondolewa, alama nyeusi hubaki kwenye ubao.

Hatua ya 6: Kupaka herufi. Mistari ya kando hupakwa kwanza kwa brashi nyembamba, kisha katikati hujazwa. Brashi ichovywe ncha tu. Anayetumia mkono wa kulia aanzie kushoto ili kiganja kisiguse rangi mbichi. Wa mkono wa kushoto aanzie kulia. Herufi zipakwe mara mbili na kuachwa zikauke usiku mzima.

Hatua ya 7: Kukipa sura ya kale. Msasa wa 150 hupitishwa taratibu kwenye kingo zilizopakwa nta. Rangi ya juu itabanduka na ile ya kahawia itaonekana chini yake. Kazi hii hufanywa kidogo kidogo, kwa kurudi nyuma na kutazama, kwa kuwa rangi iliyoondolewa hairudi. Vipande vilivyolegea na mabaki ya nta hupanguswa vyote, maana vanishi haishiki juu ya nta.

Hatua ya 8: Vanishi. Kibao cha ndani kinatosheka na tabaka moja. Cha nje hupakwa tabaka tatu, kila moja ikiachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe. Ncha mbili za ubao zipakwe kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mbao hunywa maji kupitia nchani kuliko usoni. Kibao cha nje kikaguliwe kila mwaka kabla ya mvua za Oktoba, na kupakwa vanishi upya panapoonyesha kufifia.

MANENO YA KUANDIKA

Kosa la lugha likishapakwa rangi hukaa miaka. Maneno yahakikishwe yakiwa bado kwenye karatasi.

Kibao maarufu zaidi langoni ni kile cha mbwa, na wengi huandika "Mbwa kali". Katika Kiswahili sanifu mbwa hufuata upatanisho wa viumbe vyenye uhai, kwa hiyo ni MBWA MKALI. KARIBU humwambia mtu mmoja. KARIBUNI huwaambia wengi. Kwa nyumba ya kupangisha, huandikwa NYUMBA YA KUPANGA. Kwa shamba, ni SHAMBA HILI HALIUZWI.

Familia nyingi hupenda kuandika kwa Kikamba. Neno la nyumbani ni MŨSYĨ, na alama juu ya Ũ na Ĩ ni sehemu ya herufi wala si pambo. Nafasi ya alama hizo ipimwe kabla ya kuchora mstari wa juu, la sivyo zitakosa mahali.

Kibao cha kuwaelekeza watu kiwe na jina la boma na, panapofaa, jina la kijiji. Nambari ya simu ikiandikwa barabarani huonwa na kila mpita njia, wakiwamo matapeli, kwa hiyo familia ishauriane kwanza. Kuhusu ardhi, kibao cha SHAMBA HILI HALIUZWI huwaonya wanunuzi wasidanganywe, lakini hakichukui nafasi ya hatimiliki. Mnunuzi yeyote wa ardhi afanye upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, hata kama hakuna kibao.

Ukubwa wa herufi hutegemea umbali. Kanuni inayotumiwa na wachoraji wa vibao ni sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Kibao cha kusomwa kutoka mita 12 kinahitaji herufi za sentimita 10. Rangi ya herufi iachane sana na ya ubao: nyeusi juu ya maziwa, au nyeupe juu ya kahawia nzito. Herufi za mkunjo hupendeza sebuleni; langoni herufi nyoofu ndizo husomeka usiku kwa mwanga wa taa ya pikipiki.

MAHALI PA KUKIWEKA

Kibao cha ukutani hutundikwa kwa skrubu mbili zilizoingizwa kwenye plagi za plastiki, ili kisizunguke kwa upepo. Kibao cha nguzo kisiguse udongo. Mchwa ni tatizo sehemu kubwa ya kaunti, na ubao unaogusa ardhi huliwa kwa muda mfupi. Nguzo ya chuma, au ya mbao iliyoshikwa kwa chuma juu ya msingi wa saruji, hudumu zaidi. Kibao kisipigiliwe misumari kwenye mti unaoishi, kwani kidonda cha msumari hufungua njia ya wadudu na magonjwa.

Kibao kiwekwe ndani ya mpaka wa boma. Ardhi iliyo kando ya barabara ni hifadhi ya barabara, na kitu chochote kinachosimikwa hapo bila idhini ya mamlaka ya barabara husika kinaweza kuondolewa. Aidha kisiwazibe macho madereva wanaotoka langoni.

Kuna tofauti kati ya kibao cha jina la boma na tangazo la biashara. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kusimamia matangazo ya nje. Anayeandika kibao cha kuuza maziwa, kinyozi au hoteli aulize kwanza katika ofisi ya kaunti ndogo au ya wadi yake kuhusu leseni na ada, kabla ya kununua rangi.

ANAYETAKA KUUZA

Vibao vya sura ya kale hupendwa na wenye nyumba mpya, hoteli na wanaotafuta zawadi za harusi. Kijana au kikundi kinaweza kuvitengeneza kwa mtaji mdogo. Wengi hukosea kwa kuhesabu bei ya mbao na rangi tu, na kusahau kazi yao wenyewe.

Huu ni mfano wa kuonyesha hesabu tu. Bei halisi hutofautiana kati ya mahali na mahali. Mbao zigharimu shilingi 100, sehemu ya rangi iliyotumika 120, vanishi 60, msasa na skrubu 40, na nauli 50. Jumla ya vifaa ni 370. Kazi ya mikono ikichukua saa tatu, kwa shilingi 100 kila saa, ni 300. Gharama yote ni shilingi 670. Akiongeza asilimia 20 ya faida, yaani shilingi 134, bei inakuwa 804, na anaweza kuuza kwa 800. Anayeuza kwa 400 atadhani amepata faida ya 30, ilhali amefanya kazi saa tatu kwa hizo 30.

Kinachopunguza gharama ni kufanya kazi kwa mafungu. Vibao vitano vikipakwa kwa pamoja, muda wa kusubiri rangi ikauke haupotei na brashi huoshwa mara moja. Kwa agizo la mteja, maneno yaandikwe kwenye karatasi na mteja ayathibitishe kwa sahihi au kwa ujumbe wa simu kabla ya kupakwa, na alipe malipo ya awali yanayotosha vifaa. Mteja aambiwe pia mbao zilikotoka. Kibao cha paleti yenye muhuri wa HT na rangi yenye alama ya KEBS kina sifa ya kutangaza, hasa kwa wenye watoto wadogo.

Mwenye nia ya kujifunza useremala kwa undani aulize katika chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti, na ofisi ya wadi inaweza kumwelekeza mkazi kwenye chuo cha eneo lake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Tumia mbao zilizokwisha kutumika au mabaki ya karakana. Mpingo na muhugu si mbao za kibao.
- Paleti ya HT inafaa. Ya MB iachwe. Mbao za nguzo za stima zisiguswe.
- Rangi ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu, na mbao zake zisichomwe jikoni.
- Ubao ukauke kabla ya rangi, na ncha zake zipate vanishi ya kutosha.
- Pima herufi na uhakikishe maneno kwenye karatasi kabla ya kushika brashi.
- Herufi za sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali.
- Kibao kiwe ndani ya mpaka wa boma. Cha biashara kiulizwe kwanza katika ofisi ya wadi.